Malalamiko ya Kinyozi wa Mlango wa Kwanza kuhusu Paka Mmoja Mwenye Majina Matano

Kwa Daktari wa Meno ya Mbwa na Paka,
Mlango wa Pili,
Ukuta kwa ukuta na mimi.

Daktari jirani yangu,

Shikamoo siwezi kukupa kwa kuwa wewe ni mdogo kwangu kiumri, na kukutangulizia marahaba kabla hujaniamkia si adabu. Basi tuanze na habari za kazi, na habari za meno.

YAH: KUOMBA WAZEE WANGU WARUDISHWE KWENYE BENCHI

Najua ningeweza kugonga ukuta tu. Ukuta wenyewe ni mbao nyembamba, na ukipiga chafya upande wako, mimi huku mkono unayumba na mteja anapoteza kipande cha ndevu. Lakini kuna mambo ya kuzungumza na kuna mambo ya kuandika. Hili ni la kuandika, kwa sababu limenifika shingoni, na shingo ni sehemu ninayoijua vizuri kwa kazi yangu.

Kwa ufupi, Daktari, umenichukulia watu wangu. Nawataka.

Nieleze tangu mwanzo, maana huenda barua hii ukaipeleka kwa wakubwa wako. Mimi ni kinyozi, mwaka wa ishirini na tatu sasa katika mlango huu. Ndani ya duka langu kuna kiti kimoja cha kunyolea, kioo kimoja chenye ufa, kalenda mbili ambazo moja ni ya mwaka huu, na benchi refu la mbao lililoegemea ukuta huu huu tunaochangia. Kwenye benchi hilo, kila siku ya kazi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, wamekuwa wakikaa wazee watano. Yupo Karani, aliyestaafu zamani lakini bado anatembea na kalamu mbili mfukoni. Yupo Refa, aliyechezesha mpira ujanani na mpaka leo hakubali kukosolewa. Yupo Fundi Saa, ambaye huchelewa kila siku. Yupo Shemeji, kaka wa mke wangu, anayejua kila kitu. Na yupo Bwana Kimya, ambaye kwa miaka yote hiyo nimemsikia akitoa sentensi nne, na zote zilikuwa za maana.

Usidhani nalilia biashara. Karani ana kipara kitupu tangu nimfahamu. Refa amebakiwa na nywele za pembeni tu, na hizo anazinyoa mwenyewe nyumbani kwa kuwa hapendi mtu amsimamie nyuma. Hawa si wateja, ni wazee wangu. Mimi nanyoa huku nimewapa mgongo, nawasikia wanabishana nyuma yangu, wakitaka kupoa nachomeka neno moja, wanawaka upya. Kazi yangu nimeizoea hivyo. Sasa ni wiki sita benchi liko tupu, na mimi nanyoa nikisikiliza mashine.

Malalamiko nayapanga kwa namba ili usiyapoteze.

1. Sofa.

Ulipofungua kliniki yako nilikupokea vizuri. Nilikuazima ngazi ya kutundikia kibao cha jina. Ningejua kitakachofuata baada ya ngazi, ningesema imevunjika. Uliingiza sofa la watu watano, laini, rangi ya maziwa. Ukaweka feni inayogeuza shingo. Ukaweka mtungi wa maji baridi na vikombe vya karatasi. Ukaweka televisheni inayoonyesha mbwa akipigwa mswaki kuanzia asubuhi hadi jioni, na mbwa mwenyewe hamalizi. Halafu ukabandika tangazo kwamba msimu huu wote uchunguzi wa kinywa ni bure kwa mbwa na paka wote wa mtaa.

Nakuuliza kwa upole, sofa la nini? Mbwa anakaa chini. Paka yuko ndani ya kikapu. Mwenye mnyama angesimama dakika mbili tatu, akahudumiwa, akaenda zake. Benchi langu ni la mbao ngumu, na upande wa Fundi Saa lina msumari uliochomoza ambao ulikuwa unatusaidia kujua kwamba amefika. Ulitegemea lishindane vipi na sofa? Kama ungeanza na stuli, na mimi nikapata muda wa kutafuta mto, tungeenda sawa. Ulinivamia sijajiandaa.

2. Mbwa wa bangoni.

Nje ya mlango wako umesimamisha bango la mbwa anayecheka. Umelielekeza upande wangu, sijui kwa makusudi au kwa sababu ya jua. Huenda hujui kwamba bango hilo linaonekana lote ndani ya kioo changu. Mteja akikaa kwenye kiti anaona uso wake mwenyewe, na pembeni ya sikio lake anaona meno arobaini na mawili, meupe, yamepangwa vizuri. Arobaini na mawili nimeyapata kwenye maandishi chini ya picha. Mimi mwenyewe ninayo ishirini na sita, na mawili kati ya hayo tunavumiliana tu.

Matokeo yake watu wanafunga midomo. Kuna dereva mmoja wa lori ambaye alikuwa ananiletea habari za safari zake zote, nani amepinduka, nani ameoa huko njiani. Sasa anakaa kwenye kiti kama anapigwa picha ya pasipoti. Nilimwuliza kulikoni, akanyoosha kidole kwenye kioo, akasema bila kuachanisha meno kwamba hawezi kucheka mbele ya yule. Mtu mzima, ana lori, ameaibishwa na mbwa wa karatasi. Na kinyozi asiyezungumza na mteja wake ni mtu aliyeshika wembe tu, Daktari. Watu wanaingiwa na hofu.

3. Paka.

Sasa nafika kwenye kiini cha mambo, na hapa naomba kama umesimama ukae.

Ninaye paka, anaitwa Povu. Aliingia dukani siku ya mvua, akalala juu ya taulo safi, akabaki. Ni mweupe, mnene kiasi, hana makuu. Mwanzoni mwa msimu wako alianza kudondosha chakula na kutokwa mate, na pumzi yake ikawa inaweza kumwamsha mteja aliyesinzia. Shemeji akajitolea kumleta kwako. Ulimtazama kwa makini, nakushukuru kwa hilo. Ulisema ana ukoga mwingi, fizi zimevimba, na gego moja la chini kulia limeoza. Ukasema fizi zitulie kwanza kwa kupigwa mswaki, ndipo gego ling'olewe. Yote hayo yalikuwa kweli tupu. Shemeji akarudi. Nikamwuliza habari za paka. Akanieleza habari za sofa.

Alizieleza kwa saa nzima. Karani akauliza maswali mawili ya kiufundi kuhusu feni. Refa akataka kujua kama maji baridi yana mwisho. Kesho yake asubuhi Karani akaja kwangu, akakohoa, akaniomba nimwazime paka.

Daktari, nakufichulia. Malkia wa Shemeji, anayekuja Jumatatu, ni Povu. Jalada wa Karani, anayekuja Jumanne, ni Povu. Penalti wa Refa, Jumatano, ni Povu. Dakika wa Fundi Saa, Alhamisi, ni Povu akiwa amechelewa. Na yule wa Ijumaa, ambaye Bwana Kimya alipoulizwa jina lake alinyamaza mpaka dada wa mapokezi akachoka na kuandika "Paka", naye ni Povu. Kila siku mmoja wao anajiandikisha kama mwenye mnyama, na wanne waliobaki wanamsindikiza mgonjwa kwa nyuso za huzuni. Wakishaingia, huzuni inakwisha. Wanajaza sofa, wanapiga soga mpaka adhuhuri, na paka analala.

Ili usigundue, Jumanne anapakwa rangi ya viatu sikio moja. Jumatano anavishwa soksi ya mistari ya mjukuu wa Refa, iliyotobolewa matundu manne. Alhamisi anaviringishwa taulo, na hilo ni taulo langu. Ijumaa hapambwi chochote, kwa sababu Bwana Kimya hapendi uongo.

Kwa wiki sita, siku tano kila wiki, umemchunguza Povu mara thelathini. Ni mara moja kwa kila jino ambalo paka hujaliwa.

Wala sikulaumu sana kwa kutomtambua. Wewe ni mtu wa meno. Ukishamwinua paka mdomo wa juu, paka mwenyewe humwoni tena. Hata mimi niko hivyo. Watu wa mtaa huu nawajua kwa visogo. Nikikutana na mteja sokoni uso kwa uso namsalimia kwa kubahatisha, na mpaka anipe mgongo ndipo nakumbuka jina lake na ugomvi wake na mkewe. Kwa hiyo hapo tunaelewana kabisa, fundi kwa fundi. Lakini mimi sijawahi kuona visogo vitano vyenye kovu moja, mahali pamoja, nikavipa kadi tano.

4. Mswaki.

Kila mgonjwa ulimpa kadi, dawa ya meno yenye ladha ya kuku, mswaki mdogo wa kuvaa kidoleni, na maelekezo: apigwe mswaki mara mbili kwa siku, taratibu, kwa mizunguko midogo. Wazee hawa wana kasoro nyingi, lakini maelekezo ya daktari hawayapuuzi. Kadi zipo tano. Povu anapigwa mswaki mara kumi kwa siku.

Karani anakuja nikifungua tu, anampiga mswaki, anaweka saini kwenye kadi yake, halafu anaweka tena saini sehemu ya shahidi. Refa anatumia saa yake ya uwanjani, na siku moja aliongeza dakika za majeruhi kwa madai kwamba paka alikuwa anapoteza muda. Shemeji anampiga mswaki huku akimweleza namna ambavyo nchi ingeendeshwa. Fundi Saa anakuja wakati nafunga, anasema bado mapema. Bwana Kimya akimaliza humfuta paka mdomo kwa leso yake mwenyewe, anaikunja, anairudisha mfukoni.

Utasema basi nawaona, nalalamika nini. Daktari, wanakuja na kidole kimeshavikwa mswaki. Wanapiga, wanaondoka. Hakuna anayekaa. Nikimwambia mtu aketi kidogo anasema ana miadi. Miadi yenyewe iko mlango wa pili.

Na paka ameharibika tabia. Akiona kidole chochote kimenyooshwa anafungua mdomo mwenyewe. Jumamosi nilimwonyesha mteja tarehe kwenye kalenda, Povu akaja mbio, akakaa mbele yangu, akapanua.

5. Mbwa wa duka la mabati.

Wiki mbili zilizopita ulimsafisha meno mbwa wa duka la mabati, yule mkubwa mweusi. Dawa ya usingizi ilikuwa haijamwisha vizuri mwilini, msaidizi wako akageuka kidogo, mbwa akatoka akipepesuka. Akaingia kwangu. Akapanda kwenye benchi, akalala, kichwa mahali pa Karani na mkia mahali pa Shemeji.

Sikumfukuza. Sikuwa na mteja. Nikavuta kiti, nikaanza kumsimulia habari ya bwana harusi aliyekuja kunyolewa asubuhi ya harusi yake, akapata ujumbe, akakimbia na ndevu nusu. Hadithi hiyo wazee wameisikia mara nyingi, na kila mara Refa hunikatiza kabla sijafika penyewe. Mbwa hakunikatiza. Alinitazama kwa macho mazito, ulimi nje, meno yanang'aa, akawa anashusha pumzi pale pale panapotakiwa kushusha pumzi. Basi wakati nafika penyewe hasa, msaidizi wako akaingia, akasema samahani mzee, akambeba akaondoka naye.

Hilo limeniuma kuliko sofa. Hadithi imebaki katikati mpaka leo na sina wa kummalizia. Nadhani kliniki yenye utaratibu ingesubiri dakika tano.

6. Vicheko.

Nawasikia wanacheka. Nasikia vicheko vyote, cha Refa kinaanza, cha Fundi Saa kinafika mwishoni wenzake wakishatulia. Lakini maneno siyasikii. Sijui wanachekea nini.

7. Ripoti yako, na mpango wako wa wiki ijayo.

Nilikuwa nimeamua kuvumilia mpaka msimu uishe. Nilijikaza kisabuni. Lakini juzi Karani, ambaye hawezi kuona karatasi bila kuisoma hata ikiwa kichwa chini, aliisoma ripoti iliyokuwa mezani kwa dada wa mapokezi. Anasema umeandika kwamba paka wote watano uliowachunguza katika mtaa huu wana gego bovu la chini kulia, na wote wamepungukiwa jino moja dogo la mbele juu. Umeandika kwamba bila shaka ni ukoo mmoja. Umeandika pia kwamba fizi zao zinapona kwa kasi ambayo hujawahi kuiona, na unashuku kuna kitu katika maji ya mtaa. Na umeomba ruhusa ya kuwaalika wataalamu wenzako waje washuhudie.

Si maji, Daktari. Ni mara kumi kwa siku.

Hilo la wataalamu lingekuwa la kuchekesha, na mimi ningewatandikia benchi. Lakini kwenye karatasi hiyo hiyo umepanga kuwang'oa gego paka wote watano wiki ijayo, mmoja kila siku, na kila mmoja asile kitu tangu jioni ya kuamkia siku yake. Maana yake Povu atalala njaa siku tano mfululizo, atalazwa kwa dawa mara tano, na atang'olewa gego moja mara tano. Jumatatu litatoka. Jumanne utaingia kulitafuta la Jalada na utakuta shimo. Jumatano sijui utang'oa nini, na mimi naogopa kufikiria Ijumaa.

Niliwafuata wazee mmoja mmoja kuwauliza wamepanga kufanya nini. Karani alisema jambo likishaandikwa limeandikwa. Refa alisema mechi ikishaanza haisimamishwi. Fundi Saa alisema muda bado upo. Shemeji alisema paka wana uvumilivu wa ajabu, amesoma mahali. Bwana Kimya alitoa sentensi yake ya tano tangu nimjue. Alisema paka asiumizwe. Ndipo nikachukua kalamu.

Kwa hiyo, Daktari, naomba yafuatayo:

(a) Sofa liondolewe, na badala yake ziwekwe stuli tatu zisizo na mgongo, mojawapo iwe inayumba.

(b) Feni igeuziwe ukutani.

(c) Mbwa wa bangoni achorwe upya akiwa amefunga mdomo. Anaweza kubaki na furaha, ila ionekane machoni.

(d) Malkia, Jalada, Penalti, Dakika na Paka waamriwe kuhudhuria wote kwa pamoja, wakati mmoja, chumba kimoja, kila mzee akiwa amempakata wa kwake. Ningependa kuwepo siku hiyo.

(e) Kama hayo yote yatashindikana, basi utoe tamko la kitaalamu, lenye mhuri, kwamba baada ya utafiti wa kina imebainika kuwa meno kwa mbwa na paka ni jambo la hiari. Karani anaheshimu mhuri, na akishakubali yeye, wengine watafuata.

Nisipopata jibu katika siku saba nitalazimika kutafuta sofa langu mwenyewe, na mke wangu ameshatamka kwamba sofa likiingia dukani kabla halijaingia nyumbani, nitalala juu yake huko huko dukani. Usinifikishe huko.

Naiweka kalamu chini bila kinyongo. Nisalimie dada wa mapokezi, kazi anaijua. Nisalimie msaidizi wako, mwambie nimemsamehe kwa sehemu. Nisalimie mbwa wa duka la mabati atakapokuja kuangaliwa tena, umwambie bwana harusi alikamatwa stendi. Wasalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Na hao wazee waliokaa hapo mbele yako wakati unaisoma barua hii, wasalimie pia, kwa sauti ya kawaida, wasishtuke.

Ni mimi, jirani yako anayekutakia kazi njema kwa kiasi,

Kinyozi,
Mlango wa Kwanza.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii kabla ya kuifunga na nimeona kuna jambo nimelizunguka kutoka namba moja mpaka namba saba. Daktari, binti yangu, Jumanne iliyopita nilifunga duka saa nne, nikavaa shati la kutokea, nikaja kwako. Sikuja kugombana. Wazee waliponiona walisogeana, ikapatikana nafasi upande wa Bwana Kimya, finyu kidogo lakini mimi si mnene. Dada wa mapokezi akatuhesabu, akanionyesha tangazo lililo nyuma yake: mgonjwa mmoja, mwenye mgonjwa mmoja, wasindikizaji wasizidi wanne. Akaniuliza kwa heshima mimi ni nani kwa huyu paka. Karani alikuwa ameshaandikwa kuwa ndiye mwenyewe. Ningesema kweli, ningewachongea wote. Nikasema nilikuwa napita tu. Nikarudi dukani, nikavua shati.

Basi fanya hivi. Povu mng'oe gego lake Jumatatu, mara moja tu, na jioni ya kuamkia siku hiyo mimi mwenyewe nitahakikisha hali kitu. Hao paka wanne waliobaki kwenye kadi waandikie kwamba hali yao inahitaji kuangaliwa kila siku, na kupona kwao kusiharakishwe. Wataalamu waambie wasije. Usiwaambie wazee kwamba nimesema. Mengine yote, pamoja na sofa, pamoja na feni, pamoja na tamko la mhuri, yafute kama sikuyaandika. Badilisha tu lile tangazo, wanne wawe watano. Kama kwenye sofa hatutaenea, kiti nitakuja nacho.